Baiskeli za mizigo zirudishiwe breki

Baiskeli inaponunuliwa hapa Runzewe kwa ajili ya kazi, hupita kwanza mikononi mwa mafundi. Keria ya dukani hung'olewa, ikafungwa nyingine ya nondo iwezayo kubeba gunia. Uma wa mbele huongezewa vyuma vya kuutegemeza ili usikunjike. Spoku nyembamba hubadilishwa kwa nene. Yote hayo huongezwa ili chombo kibebe zaidi. Kisha, baada ya miezi michache ya mkaa, maji na mahindi ya kupelekwa mashineni, hutolewa kitu kimoja ambacho mara nyingi hakirudi tena, nacho ni breki.

Jambo hili halihitaji uchunguzi mkubwa. Siku ya Ijumaa, baiskeli zinapokuwa zimeegemezwa ukutani mwa msikiti, mtu aweza kuliona akiwa amesimama. Vishikio bado vipo kwenye usukani, vimelegea kama masikio ya mbuzi, lakini vyuma vilivyoviunganisha na gurudumu vimekwisha kuondoka. Tumewauliza baadhi ya wenye baiskeli hizo wanasimamaje wakiwa na mzigo. Wengine walicheka, wakatuonyesha ndala. Mguu huinuliwa, ndala ikakandamizwa juu ya tairi, na baiskeli hupungua mwendo, ikipenda.

Ndala ilitosha labda katika njia za kijijini, ambako linaloweza kugongwa ni mbuzi au ua wa mtu. Runzewe ya leo ni mji wa barabara kuu. Hapa hupita magari yatokayo Isaka na Kahama kupitia Ushirombo, yakielekea Lusahunga na kuendelea hadi Rwanda na Burundi. Malori hayo hupita usiku na mchana, na njia za vumbi zitokazo vijijini huishia kwenye lami hiyo. Kijana ashukaye na madumu ya maji anapaswa kusimama pale njia inapokutana na lami. Hapo ndipo ndala inapopewa kazi isiyoiweza.

Tuhesabu kidogo, maana hesabu hii kila mzazi anaimudu. Tumchukue kijana wa kilo 55, baiskeli ya kilo 20, na madumu 4 ya maji ya lita 20, ambayo uzito wake ni kilo 80. Jumla ni kilo 155. Katika njia inayoshuka mita 5 kwa kila mita 100, mteremko ambao jicho huuona mpole, mzigo wote huo husukuma mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8. Wala hausukumi mara moja ukaacha; unasukuma tangu juu hadi chini. Mwendo nao ukiongezeka mara 2, kazi ya kuusimamisha huongezeka mara 4. Ndala haina jibu kwa hesabu hiyo. Huanza kupata moto, tairi huliwa, na mguu unaoning'inia karibu na spoku waweza kunaswa wakati wowote.

Basi kwa nini breki hutolewa? Wengi hudhani ni uzembe wa vijana. Tulipokaa na mafundi chini ya mwembe tulisikia sababu nyingine, nasi tunaiona kuwa ya kweli zaidi. Mzigo mzito na mashimo ya njiani huipinda ringi. Ringi iliyopinda huyumba kushoto na kulia inapozunguka, nayo hugusana na raba za breki hata pale mkono haujavuta kitu. Baiskeli huwa nzito, mpandaji huchoka, naye humwambia fundi aondoe kinachokwaruza. Fundi huondoa. Wakati wa masika sababu huongezeka, kwa kuwa matope hujaa katikati ya vyuma na gurudumu hukwama kabisa. Kwa hiyo ni ringi iliyoharibika, na adhabu huishukia breki. Anayetaka kuirudisha breki na aanze kwa kuibalansi ringi, spoku moja baada ya nyingine, mpaka izunguke bila kuyumba. Bila hivyo, breki mpya itang'olewa mwezi ujao kwa sababu ile ile.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie tutoke kidogo nje ya mkoa wetu wa Geita. Wengi wetu tumeona, walau katika picha, baiskeli ya gurudumu moja inayochezewa katika sarakasi. Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini wapo watu wanaoshuka nayo milimani, juu ya mawe na mizizi ya miti. Miongoni mwa waliotangulia kuutangaza mchezo huo ni Kris Holm wa Kanada. Kwa kawaida chombo hicho hakina mnyororo. Pedeli zake zimeshikana na gurudumu lenyewe, hivyo gurudumu haliwezi kuzunguka huku miguu imetulia. Kwa ufupi, miguu ndiyo breki. Mtu angedhani watu hao wangekuwa wa mwisho duniani kuongeza breki nyingine.

Lakini wameiongeza. Kishikio chake hufungwa chini ya ncha ya mbele ya tandiko, mahali ambapo mkono wa mpandaji hujishikilia, na raba hubana ringi, au chuma cha duara kilichofungwa pembeni hubanwa. Sababu yao ndiyo iliyotufanya tuwataje. Katika mteremko mrefu mapaja huchoka kwa kuzuia gurudumu, na mtu aliyechoka hupoteza mizani. Basi breki huvutwa kidogo kidogo tangu mwanzo wa mteremko, ibebe sehemu ya uzito, na miguu ibaki na kazi yake ya kuongoza. Hawaivuti kwa pupa, maana gurudumu likisimama ghafla mwili huendelea mbele peke yake. Sisi tumezoea kuifikiria breki kama kitu cha kusimamishia tu, cha kukumbukwa dakika ya mwisho. Kwa mwenye mzigo, kazi yake kubwa zaidi ni kuushika mwendo usikue. Anayesubiri mpaka aione lami ndipo avute kishikio amechelewa, hata kama breki yake ni mpya.

Jirani zetu wa Goma, mashariki ya Kongo, wanalijua hilo. Chukudu zao, vile vyombo vya mbao vya magurudumu 2 vinavyobeba viazi na mkaa, havina hata pedeli. Vikifika mteremkoni hujiendea vyenyewe. Hata hivyo zipo zinazofungwa kipande cha mpira wa tairi juu ya gurudumu la nyuma, ambacho mwendeshaji hukikanyaga akashuka polepole. Mji huo umeijengea chukudu sanamu. Kama mbao na kipande cha tairi vinatosha kutengenezea breki, sisi wenye baiskeli za chuma tuna udhuru gani?

Turudi kwa fundi. Breki za vyuma za baiskeli hizi ni rahisi kuelewa: mkono ukivuta, vyuma huinuka, na raba 2 hukandamiza ringi kwa ndani. Kwa magurudumu yote mawili zinahitajika raba 4. Kikombe cha chuma kinachoshika kila raba kina upande uliozibwa na upande ulio wazi. Upande uliozibwa sharti uelekee kule ringi inakoelekea inapopita hapo, la sivyo ringi itaichomoa raba siku ile ile itakapohitajika. Kosa hili ni dogo kwa macho, na mzazi yeyote aweza kulikagua bila spana.

Ipi ianze, ya mbele au ya nyuma? Kwa baiskeli isiyo na mzigo, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa sababu uzito huhamia mbele wakati wa kusimama. Baiskeli yenye kilo 80 kwenye keria ni habari nyingine. Uzito mwingi umelikalia gurudumu la nyuma, na la mbele limekuwa jepesi. Likibanwa kwa nguvu katika mchanga huteleza, na usukani humponyoka mtu. Kwa hiyo asiyeweza kulipia zote mbili kwa pamoja aanze na ya nyuma, kisha aongeze ya mbele. Tumesema aongeze. Baiskeli ya kazi inahitaji zote mbili, kwa kuwa chuma kimoja kikikatika mteremkoni hakuna fundi wa kumwita. Na mvua ikinyesha, ringi ya chuma iliyolowa huteleza chini ya raba. Yafaa breki ianze kubanwa taratibu kabla ya kuufikia mteremko, maji yafutike kwanza.

Tunaotumwa kuteka maji ni nani? Mara nyingi ni watoto. Mtoto wa miaka 10 hafiki kwenye tandiko la baiskeli ya baba yake, kwa hiyo huupenyeza mguu chini ya bomba la juu na kukanyaga pedeli akiwa ameinama upande mmoja. Katika hali hiyo mkono wake mmoja huweza kukifikia kishikio kimoja tu, na vidole vyake huenda visikizunguke. Kwa mtoto wa namna hiyo hatuoni kuwa breki inatosha. Atumwe na dumu 1, na mteremkoni ashuke akokote. Tunajua akina mama watasema maji hayatatosha. Ni kweli, na safari zitakuwa 2.

Wapo pia wenye baiskeli 3 au 4 wanaozikodisha kwa vijana kwa siku. Wengi husema, "Kijana akitaka breki, afunge mwenyewe." Tuliyosomeshwa katika mlango wa ijara ni kinyume chake: mwenye mali ndiye anayewajibika kukifanya chombo kifae kwa kazi aliyokikodishia, na mpangaji hubeba alichokiharibu kwa uzembe wake. Baiskeli iliyokodishwa kubebea mkaa bila breki haijakabidhiwa ikiwa nzima. Raba zilizolika kwa kazi ya kawaida ni gharama ya mwenye baiskeli.

Mafundi wana jaribio lao, nalo halina malipo. Baiskeli hufungwa madumu 2 yaliyojaa, ikapelekwa kwenye mteremko mdogo, mwenyewe akitembea pembeni huku ameshika usukani. Akivuta kishikio cha nyuma na gurudumu likaendelea kuzunguka, baiskeli irudi chini ya mwembe siku hiyo hiyo.