Ordinatere ikizimika-zimika: tupime memwari mbele ya kufuta kila kitu

Asubuhi inaandika barua vizuri, saa sita inazimika yenyewe. Ukiiwasha, inaonyesha ekrani ya bulu yenye maandishi meupe, kisha inazimika tena. Kesho yake inatumika siku nzima bila shida. Mu nyumba nyingi za wachimbaji, ku Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, tunajua ordinatere ya namna hiyo: ni ya okazio, baba aliinunua na feza ya dekonti, na mama anaitumia kwa kupiga barua za watu na kuzichapa. Ndani yake kuko kazi ya shule ya watoto, hesabu ya likelemba, picha za ndoa, karatasi za pansio.

Ikianza kusumbua, neno la kwanza tunalosikia ni «virusi». Fundi anafuta yote, anaweka Windows mupya, analipwa. Juma moja inapita, ekrani ya bulu inarudi. Feza imekwenda, na picha zimekwenda. Virusi ziko kweli, lakini mashini ya miaka kumi ao zaidi inagonjwa pia mu mwili wake. Njo maana tunaomba kila jamaa: mbele ya kukubali wafute, pimeni memwari.

Memwari ni nini?

Diski dure ni depo: vitu vinabakia pale hata umeme ukikatika. Memwari, ile wanaita RAM, ni meza ya kazi: kila kitu kinapita juu yake, na umeme ukikatika, meza inabakia tupu. Kama meza iko na tundu, barua inayopita pale inarudi mu depo ikiwa imeharibika, na hakuna anayekuambia. Kwa hiyo, ukishuku memwari, usikopi vitu vyako na mashini ileile. Acha fundi atoe diski, aifunge ku ordinatere ingine iliyo nzima, na kukopi kule. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Matengenezo yanakuja nyuma.

Kata umeme kwanza

Wachimbaji wanajua sheria hii kuliko sisi: hakuna kugusa mashini mbele ya kukata umeme na kuweka kadena. Hapa ni vilevile. Toa waya ku ukuta, finya butoni ya kuwashia mara moja ili umeme uliobaki utoke, kisha gusa chuma tupu cha sanduku, juu umeme wa mwili wako unaweza kuua memwari. Alimantasio, lile sanduku la chuma lenye kupokea waya wa ukuta, usilifungue hata siku moja. Ndani yake umeme unaweza kubakia hata kama waya imetoka.

Sasa fungua ubavu wa sanduku. Mara nyingi utakuta vumbi nyekundu ya kwetu imejaa ku ventilatere. Vumbi inazuia upepo, joto inapanda, na mashini inajizima ili isiungue. Shika ventilatere na kidole isizunguke, kisha toa vumbi na brosi laini iliyo kavu. Kuko mashini zilizopona hapo tu, bila kununua kitu.

Bareti moja-moja

Memwari ni bareti ndefu na nyembamba, zimesimama mu nafasi zao ku karti-mere. Fungua vishikizo vya pembeni, zitoe. Ku ukingo wa chini kuko meno ya rangi ya zahabu. Yakiwa meusi, yapanguse polepole na gomi nyeupe ya mwanafunzi, toa unga wake wote, kisha rudisha bareti mpaka vishikizo vijifunge na kulia «tak».

Kama shida inaendelea, acha bareti moja tu, washa. Kisha ingine peke yake, mu nafasi ileile. Ikiwa moja inaleta shida na ingine hapana, umeshika mwizi. Ikiwa zote mbili zinaleta shida mu nafasi moja na kutumika mu nafasi ingine, nafasi ndiyo mbaya. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Ukibadilisha vitatu pamoja, hutajua ni kipi kilichoponyesha.

Sikiliza pia sauti wakati wa kuwasha. Ku mashini nyingi za zamani, bip moja fupi ni salamu tu: mambo iko sawa. Bip nyingi na ekrani nyeusi ni malalamiko. Maana yake inategemea aliyetengeneza BIOS, ile programu ya kwanza inayoamusha mashini: ku AMI za zamani, bip tatu fupi zinaelekeza ku memwari.

Ikiwa mashini inawaka, kuko jaribio la bure. Windows 7 na zilizofuata ziko na chombo chake: andika «mdsched» ku menyu ya kuanzia. Kwa Windows XP, omba fundi aweke Memtest86+ ku flashi ao ku CD. Inatumika bila Windows, na haigusi vitu vya ku diski. Iache usiku mzima, kama umeme unaruhusu. Mistari myekundu ni makosa. Bareti nzima haipaswi kutoa hata moja.

Je, kosa likitokea mara moja na lisirudie? Mu 1978, wainjinia wawili wa Intel, Timothy May na Murray Woods, walionyesha kwamba uraniumu na toriumu kidogo sana, zilizobakia mu kifuniko cha chipu, zinarusha chembe zenye kugeuza kilichoandikwa mu memwari. Sisi watu wa inchi ya Shinkolobwe tusishangae. Kosa la namna hiyo linapita. Kosa linalorudi fasi ileile ni bareti mbaya.

Kama memwari ni nzima

Saa ikirudi nyuma kila ukitoa waya ku ukuta, betri ndogo ya mviringo, CR2032, imechoka. Diski ikilia «klak, klak», zima palepale: kila dakika unayoongeza inaweza kula picha zako. Ukiona ku karti-mere mikebe midogo iliyovimba kichwa ao kutoa maji ya rangi ya udongo, hizo ni kondensatere zimekufa. Fundi anayejua kuchomelea anaweza kuzibadilisha. Na kama mashini inazimika wakati wa kazi nzito tu, aombwe kupima alimantasio na multimetri: waya ya manjano ipatikane kati ya volti 11,4 na 12,6.

Ukienda kununua bareti ingine, beba ile ya zamani mkononi. DDR2 haiingie fasi ya DDR3, hata kama zote ziko na meno 240: kata ya katikati haiko fasi moja. Usilazimishe. Omba muuzaji aijaribu mbele yako.

Na ku fundi, mbele ya kumwachia mashini, uliza maneno mawili: «Umepima memwari?» na «Vitu vyangu vimekopiwa wapi?» Asipojibu, rudi na mashini yako nyumbani.