Kazi zilikwenda wapi? Maelezo kwa familia na viongozi wa Kasungami



Kasungami, katika komine ya Annexe, kijana huamka alfajiri, hutembea hadi mlangoni pa kampuni, na jioni hurudi mikono mitupu. Nyumbani humkuta jirani akisema: "Kazi zimeisha kwa sababu ya wageni." Maneno kama hayo husambaa upesi. Ndiyo maana tunataka kueleza namna kazi zilivyopungua Lubumbashi, kwa kuwa asiyejua chanzo cha shida humlaumu aliye karibu naye.

Kampuni moja iliyolisha mji

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na Gécamines ikachukua nafasi yake mwaka 1967. Mfanyakazi alipata mshahara, nyumba, posho ya unga, matibabu na shule ya watoto. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka.

Kisha mitambo ikachakaa, na pesa za kuitengeneza hazikutolewa. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Kufikia mwaka 2003 shaba ya Gécamines ilikuwa chini ya tani 20,000. Wafanyakazi zaidi ya 10,000, waliokaa miezi mingi bila mshahara, waliachishwa kazi kwa mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Nyuma ya kila mmoja wao kulikuwa na jamaa nzima.

Somo la 1992 na 1993

Kazi zilipoanza kupungua, wanasiasa waliwaonyesha watu adui: majirani wenye asili ya Kasai. Mamia ya maelfu walifukuzwa katika miji ya Katanga, na wengi walikufa njiani au kwenye vituo vya treni. Je, kazi zilirudi? Hapana. Gécamines iliendelea kuanguka miaka 10 baadaye. Mji ulipoteza mafundi na walimu, na chuki ikabaki.

Mbona shaba ni nyingi leo na kazi ni chache?

Baada ya Kodi ya Madini ya mwaka 2002, kampuni za kigeni ziliingia. Mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2 na nusu za shaba, zaidi ya mara 5 ya zile za Gécamines wakati wake mzuri. Lakini mgodi wa leo hutumia mashine kubwa na watu wachache. Sehemu kubwa ya shaba hutoka upande wa Kolwezi, si Lubumbashi. Wengi huajiriwa na makampuni madogo yanayofanya kazi kwa niaba ya mgodi, kama vibarua.

Tena bei huamuliwa mbali. Mwaka 2008 tani moja ya shaba ilishuka kutoka zaidi ya dola 8,000 hadi karibu 3,000 katika miezi michache. Makampuni mengi ya Katanga yalifunga milango.

Kwa hiyo familia iliyokimbia vita Mitwaba au Pweto, au iliyofika kwa treni kutoka Kasai, haikuleta ukosefu wa kazi. Iliukuta hapa.

Tufanye nini?

Kwa familia: mkimbizi wa ndani ana haki ya kutafuta kazi na kufanya biashara, kama inavyosema kanuni ya 22 ya Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998. Ukifanya kibarua, andika kila siku uliyofanya kazi. Kwa Kodi ya Kazi ya mwaka 2002, aliyetimiza siku 22 katika miezi 2, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huhesabiwa ana mkataba usio na mwisho. Daftari lako ni ushahidi.

Kwa viongozi: nafasi za kazi au za mafunzo zikipatikana, zitangazeni mbele ya wote, wenyeji na waliohamishwa. Orodha inayoandikwa kwa siri huzaa ugomvi. Na mtu akisema "wageni wamekula kazi zetu," msinyamaze. Mkumbusheni mwaka 1992.