Kuionja Kahawa ya Mbinga

Chumba cha kuonjea divai, kama ile ya Dodoma, si mahali pa watoto. Chumba cha kuonjea kahawa chaweza kuipokea jamaa nzima, kwani mwonjaji hutema. Gramu 8.25 za buni iliyokaangwa na kusagwa humiminiwa mililita 150 za maji ya nyuzi 93 hivi. Baada ya dakika 4 tabaka la juu huvunjwa kwa kijiko na kunuswa. Kisha kahawa hufyonzwa kwa kelele (adabu ya mezani na isubiri!) ili harufu ipande puani kwa njia ya koo. Buni chache zilizochacha kupita kiasi, wakati wa kuondolewa utelezi, huharibu kikombe na kushusha bei. Naye mkulima wa milima ya Umatengo, juu ya Ziwa Nyasa, aghalabu huuza asichopata kukionja. Mbona shule za Mbinga zisiwaalike wazazi waonje?