Kusoma Nakshi za Jiwe

Jiwe lililosuguliwa likang'aa huficha nasaba yake, kwa kuwa msasa huliondolea gamba la nje ambalo kwalo mjuzi angeweza kuutambua mwamba uliolizaa. Lakini msasa huohuo hufunua nakshi za ndani, na nakshi hizo, zikitazamwa kwa taamuli, aghalabu hutoa ushahidi ulio bora kuliko rangi, maana rangi hutiwa na hughushiwa. Anayelishika jiwe asiharakie jina lake, bali aulize kwanza kama nakshi ile imefanywa na kiumbe kilichokuwa hai au imefanywa na maji.

Katika fukwe za kaskazini ya jimbo la Michigan, Marekani, huokotwa jiwe la kijivu liitwalo Petoskey, ambalo mwaka 1965 lilifanywa jiwe rasmi la jimbo hilo. Likiwa kavu halina haiba yoyote. Lichovywapo majini, papo hapo hudhihirika vyumba vingi vilivyoshikamana, aghalabu vya pembe sita, kila kimoja kina doa jeusi katikati na vijistari vyembamba vinavyotoka doani hapo kuelekea ukutani. Hayo ni matumbawe ya jinsi ya Hexagonaria, yaliyoishi katika bahari ya vuguvugu zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita: kila chumba kilikuwa maskani ya mnyama mmoja mdogo, na vijistari vile ni kuta zilizoutegemeza mwili wake. Jiwe hilohilo likikatwa kwa urefu, vyumba hugeuka kuwa mirija iliyolala sambamba, na wengi hudanganyika wakadhani ni jiwe jingine. Kwa hiyo jiwe sharti ligeuzwe na kutazamwa pande zote. Sisi wa pwani tunao ushahidi wa karibu, kwani katika kuta za kale za Lamu na Unguja, palipobanduka lipu, jiwe la matumbawe huonyesha vijinyota vya namna hiyo, ingawa ni vya ukoo mwingine na vya zama za karibu zaidi.

Akiki ni kinyume cha hayo. Maji yenye silika huingia katika uwazi wa mwamba na kuacha tabaka juu ya tabaka, ndiyo maana mistari yake hufuata umbo la uwazi ule, wala hairudii chumba wala nyota. Kisu cha chuma hakiikwaruzi, hali jiwe la chokaa hukwaruzika, na unga wake hutoa povu ukidondoshewa siki. Jaribio hilo lifanywe upande wa chini, maana siki huharibu mng'ao. Hata hivyo yako matumbawe ambayo chokaa yake ilitoweka na silika ikashika mahali pake, yakawa magumu sawa na akiki. Hapo ugumu hutwambia jiwe limekuwa nini, na nakshi hutwambia lilikuwa nani.

Yapo pia mawe yenye picha ya kijiti au unyasi mweusi, ambayo hununuliwa kwa shauku kama mmea wa kale. Nyingi za picha hizo ni madini ya manganizi yaliyopenya katika ufa na kutambaa. Kioo cha kukuzia hakionyeshi humo jani lenye mshipa wa katikati, bali matawi matupu.

Shanga za akiki nyekundu zilizofukuliwa katika magofu ya Kilwa hunasibishwa na mafundi wa Khambhat, huko Gujarat, Bara Hindi, ambako kazi hiyo ingali hai, na ambako vumbi lake limewaua wengi. Chembe za silika zikivutwa hutia makovu katika mapafu, maradhi yaitwayo silikosisi, ambayo hayana tiba na humfanya mtu ashikwe upesi na kifua kikuu. Basi atakaye kufungua jiwe lake ili aone nakshi, asilikate wala kulisaga kavu. Maji yatiririke juu ya msasa muda wote, tope lifutwe kwa kitambaa kibichi kabla halijakauka, na asitegemee leso iliyofungwa puani, kwa kuwa chembe hizo ni ndogo mno, nayo haizizuii.