Barakoa ya Farasi: Ngao au Mzigo?

Wahenga walinena kwamba nzi kufa juu ya kidonda si hasara. Kwa nzi, ni kweli. Kwa farasi, na kwa askari aliyempanda, hasara ipo, tena si ndogo. Nzi hufuata machozi ya mnyama huyu, naye, kwa kuwa hana mkono wa kujipangusia, hutikisa kichwa mchana kutwa. Farasi wa namna hiyo hali malisho vizuri, huchoka kabla ya zamu kwisha, na huweza kumyumbisha mpandaji wake mbele ya umati. Jambo hili lawahusu hasa wenzetu wa nchi jirani ya Tanzania, ambako Jeshi la Polisi lina kikosi cha farasi na mbwa.

Zamani wapanda farasi walining'iniza mashada ya nyuzi juu ya macho ya wanyama wao. Siku hizi hutumika barakoa ya wavu mwembamba, ambayo farasi huona kupitia humo kama sisi tuonavyo kupitia chandarua.

FAIDA ZAKE

Kwanza, barakoa huzuia nzi wasihamishe maradhi ya macho kutoka mnyama mmoja hadi mwingine, wala wasiweke mabuu ya minyoo yaletayo donda sugu kwenye kona ya jicho. Pili, hupunguza ukali wa jua, jambo lenye manufaa makubwa kwa farasi mwenye uso mweupe, ambaye ngozi yake isiyo na rangi kandokando ya macho huweza kupatwa na saratani. Tatu, jicho linalotibiwa hupata nafasi ya kupona.

HASARA ZAKE

Barakoa iliyolegea huteleza ikaziba jicho, na farasi akataharuki. Iliyobana huchubua ngozi yenye jasho. Nzi au mbegu ya nyasi ikiingia ndani, mateso huwa makubwa kuliko yale ya awali. Tena huweza kunasa kwenye waya wa uzio, na giza likiingia humpunguzia farasi uwezo wa kuona. Saisi hana budi kuivua kila jioni, kuyakagua macho, na kuifua. Kila farasi awe na yake. Kuazimana barakoa ni kuazimana maradhi.

ADUI ALIYE NJE YA BARAKOA

Lakini yafaa ieleweke kwamba barakoa hulinda uso tu. Mwaka 1916, wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer walipoelekea Kondoa Irangi kupigana na Wajerumani, walipoteza farasi kwa mamia kwa maradhi, njaa na uchovu. Miongoni mwa maadui wao alikuwamo mbung'o, aenezaye nagana, naye huuma mwili wowote ulio wazi. Usubi nao, waenezao tauni ya farasi, hushambulia tangu magharibi hadi alfajiri, wakati ambapo barakoa imekwisha kuvuliwa. Kinga ya hao ni chanjo, na kumlaza farasi bandani kabla ya jua kutua.

Katika uchunguzi uliofanywa nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, wataalamu waliwavika farasi mavazi yenye milia kama ya punda milia. Pange waliotua juu ya vazi walipungua sana. Kichwani, palipokuwa wazi, hawakupungua. Fundisho ni kwamba kila sehemu yahitaji kinga yake.

Na kinga kuu ni koleo. Katika joto, nzi wa nyumbani huweza kutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10, na samadi ni kitanda chake. Banda lisafishwalo kila siku humnyima nafasi hiyo.

Basi, rai yetu ni kwamba barakoa ivaliwe mchana, malishoni, chini ya jicho la saisi mwangalifu. Mahali ambapo hapana wa kuikagua, afadhali isivaliwe. Askari hukagua silaha yake kila siku. Farasi naye astahili heshima hiyo.