Kabla hujatoa mtaji kununua kompyuta ya kurekodia sauti

Ndugu muuzaji, ile kelele kwenye video za bidhaa zako mara nyingi hailetwi na kompyuta ya zamani. Laptopu ya RAM GB 4 inatosha kuendesha Audacity, tena programu hiyo ni ya bure. Shida ni feni yake. Maiki ya ndani ya laptopu inadaka feni kwanza, wewe baadaye! Hela hiyo nunua maiki ya USB, ikae shubiri moja toka mdomoni, laptopu uisogeze mbali mpaka waya uishie. Funga programu nyingine isichemke. Ukisikia mngurumo wa chini chini, chomoa chaja, rekodi kwa betri. Na rekodia chumbani penye godoro na nguo, sebule ya vigae inarudisha mwangwi. Mimi husubiri jirani azime redio.