Marekani: Wanaojaza masasi ya revolveri za magnum nyumbani, ginsi kosa moja linavyoweza kupasua silaha

Katika inchi ya Marekani, wawindaji na wapenzi wengi wa kulenga shabaha hawanunui kila risasi dukani. Wanaokota maganda yaliyokwisha kutumika, wanayasafisha na kuyajaza upya nyumbani, na sheria ya inchi hiyo inawaruhusu kufanya hivyo kwa matumizi yao wenyewe. Kazi hiyo inapunguza gharama. Lakini kwa revolveri zenye nguvu zinazoitwa magnum, kuchagua vibaya kitu kimoja tu kunaweza kumpotezea mtu vidole, macho ao maisha.

Vitu vyenyewe ni vinne: ganda, fataki inayowasha moto, baruti, na kichwa cha risasi. Hakuna hata kimoja kinachochaguliwa peke yake, kwani kila kimoja kinabadilisha kazi ya vingine.

Magnum ilitoka wapi

Mwaka wa 1935, kampuni Smith & Wesson na Winchester zilitoa risasi ya .357 Magnum. Ilizaliwa kutokana na .38 Special, iliyokuwako tangu mwisho wa karne ya 19. Upana wa vichwa vyao ni sawa, karibu milimita 9. Ila ganda la magnum lilirefushwa kwa milimita 3 na zaidi kidogo, ili lisiweze kuingia katika revolveri dhaifu za zamani.

Kulikuwa na sababu ya kuogopa. Kufuatana na vipimo vya SAAMI, shirika la watengenezaji wa silaha na masasi wa Marekani, presha inayokubaliwa kwa .357 Magnum ni 35 000 psi, na kwa .38 Special ni 17 000 tu. Ndiyo maana .38 inaweza kupigwa katika revolveri ya .357, lakini si kinyume.

Mtu anayekumbukwa sana katika historia hii ni Elmer Keith, mchunga ng'ombe na mwandishi wa jimbo la Idaho. Mwaka wa 1925, revolveri yake ya Colt .45 ilipasuka akiitumia. Alikuwa ameijaza vichwa vizito vilivyokusudiwa bunduki ndefu. Kisha akahamia .44 Special: tundu zake ni nyembamba zaidi, kwa hiyo chuma kinachobaki katika silinda ni kinene. Majaribio yake ya miaka mingi yalichangia kuzaliwa kwa .44 Magnum, iliyotolewa na Smith & Wesson pamoja na Remington mwisho wa mwaka wa 1955.

Baruti: nyingi ni hatari, kidogo pia

Kuna baruti inayoungua haraka na ile inayoungua polepole. Kwa magnum yenye nguvu kamili, wajuzi wanapendelea ile ya polepole, kwa sababu inasukuma risasi kwa muda mrefu zaidi bila kupandisha presha ghafula. Tena inajaza ganda sana, na anayemimina mara mbili kwa kusahau ataiona ikimwagika. Baruti ya haraka inachukua nafasi ndogo. Kipimo mara mbili kinaweza kuenea ndani bila mtu kuona.

Hata hivyo, kupunguza si usalama siku zote. Baruti fulani za polepole, zikipunguzwa chini ya kipimo cha kitabu, zinawaka vibaya na kichwa kinakwama ndani ya mtutu. Risasi inayofuata ikikigonga, mtutu unaweza kuvimba ao kupasuka.

Fataki na kichwa

Fataki za magnum zina moto mkali kuliko za kawaida, kwani baruti nyingi za polepole ni ngumu kuwaka. Kubadilisha aina ya fataki kunabadilisha presha. Katika miaka ya 2020 na 2021, fataki zilipoadimika katika maduka ya Marekani, jaribu la kutumia yoyote inayopatikana lilikuwa kubwa. Anayebadilisha anapaswa kuanza upya kwa kipimo cha chini.

Kichwa nacho kina masharti yake. Kikiwa kizito zaidi, presha inapanda kwa baruti ileile. Cha risasi laini kinaacha uchafu ndani ya mtutu kikisukumwa kwa nguvu nyingi. Chenye koti la shaba kinasuguana kwa namna ingine na kina kipimo chake. Tena mdomo wa ganda lazima ukazwe vizuri. La sivyo, mshindo wa revolveri unavuta vichwa vilivyobaki kuelekea mbele, na silinda inagoma kuzunguka.

Kitabu na mizani

Kwa hiyo wajazaji wenye uzoefu wanafuata vitabu vya watengenezaji wa baruti, si maneno ya jirani. Wanaanza chini na kupanda kidogo kidogo. Baruti inapimwa kwa greni, na gramu moja ina greni 15 hivi. Ndiyo maana mizani ni ya lazima. Kopo moja tu la baruti linakaa mezani, na kopo lisilo na jina halitumiwi, kwani rangi haionyeshi aina. Ganda lenye ufa linatupwa.

Na mlio ukisikika dhaifu kuliko kawaida, mpigaji anasimama palepale, anatoa masasi yote na kuchungulia mtutu kabla ya kugusa tena kifyatulio.